Barabara Ipite, na Mtoto Apite

Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 ziliupa kila kijiji cha Tanzania Bara mkutano mkuu wake. Mkutano huo si wa wakubwa wala wa wajumbe peke yao. Ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na hauna budi kukutana walau mara moja katika kila miezi 3. Jambo la kusikitisha ni kwamba aghalabu mikutano hii huwa ya kutimiza desturi tu. Mapato na matumizi husomwa upesi upesi, wawili watatu huuliza, wengi husinzia, kisha watu hutawanyika kwenda mashambani. Kwa sababu hiyo twaona yafaa tuwasimulie wasomaji wetu habari za mkutano mmoja tuliouhudhuria ambao haukuwa hivyo hata kidogo.

Mkutano huo ulifanyika chini ya mbuyu, katika kijiji kimojawapo cha bonde la Ruaha upande wa Iringa, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam, baada ya kuivuka hifadhi ya Mikumi, huanza kuukabili mlima Kitonga. Jina la kijiji hatulitaji, kwanza kwa sababu wenyeji wamo katika msiba, na pili kwa sababu shida yao ni shida ya mamia ya vijiji vilivyopangana kando ya barabara zetu kuu. Ajenda ya 4 iliandikwa "Usalama barabarani", na ya 5 "Maendeleo ya soko la vitunguu". Mwenyekiti alipokwisha kuzisoma, mama mmoja wa makamo aliinua mkono akasema, "Ndugu Mwenyekiti, hizo si ajenda mbili. Ni moja." Wala hakukosea, maana zilijadiliwa pamoja kwa muda wa saa 4, na hapana aliyeweza kuitaja moja pasipo kuigusa ya pili.

Yafaa kwanza tueleze kisa. Wiki 6 kabla ya mkutano, mtoto wa darasa la 2 aligongwa na lori alipokuwa akivuka kwenda shule, saa 1 asubuhi. Alifariki pale pale. Vijana wa kijiji, kwa uchungu walioupata, walikokota magogo na mawe wakaifunga barabara. Magari yakapanga foleni pande zote mbili mpaka adhuhuri, polisi walipofika wakawasihi, na magogo yakaondolewa. Kesho yake magari yalipita kwa kasi ile ile ya jana. Mkutano huu, basi, ulikuwa mara ya kwanza wanakijiji wote kuketi pamoja na kuulizana: tufanyeje?

Aliyeanza kusema alikuwa mzee ambaye aliijua barabara hiyo tangu ilipokuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Aliwakumbusha vijana kwamba Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa haramu, nchi ya Zambia ilifungiwa njia zake za kusini, na mafuta yake yakaanza kupita hapa yakiwa katika mapipa juu ya malori, usiku na mchana. Njia ilikuwa mbaya kiasi cha madereva wa Kizungu kuiita Njia ya Jehanamu. Ndipo barabara ikajengwa upya na kutiwa lami, kazi iliyoendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. "Siku ile tulishangilia," alisema mzee. "Wagonjwa wetu walifika hospitali, na vitunguu vyetu vilifika mjini kabla ya kuoza. Sitaki kusikia mtu akisema barabara hii ni adui yetu. Lakini tuliipokea kama mgeni wa siku moja. Hatukujiuliza tutaishi nayo vipi."

Maneno hayo ya mzee yalikuwa na hekima. Barabara hii hubeba mizigo ya Zambia, ya Malawi na ya Kongo kwenda na kutoka bandarini Dar es Salaam; ni mshipa wa uchumi, si wa nchi yetu peke yake bali wa jirani zetu pia. Hapana mtu mwenye akili anayetaka mshipa huo ukatwe. Neno lililobishaniwa ni kama mshipa huo waweza kupita katikati ya kijiji pasipo kuwanyima watu wa kijiji hicho uhai.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliinuka, akaeleza kwamba nyumba nyingi ziko upande mmoja wa barabara na shule iko upande wa pili, kwa hiyo mamia ya watoto huvuka mara 2 kila siku. Kisha akasema neno lililonyamazisha mkutano mzima. "Ndugu zangu," alisema, "hapo nyuma, ndani ya hifadhi ya Mikumi, barabara hii hii hupita kilomita 50. Huko kuna matuta, kuna vibao, na dereva akimgonga mnyama hutozwa faini, kila mnyama kwa kiwango chake. Silaumu, wanyama ni mali ya taifa. Lakini swala akivuka, dereva hupunguza mwendo kwa kuwa anajua bei yake. Naomba tuambiwe, mtoto wetu akivuka, dereva anajua nini?"

Laiti mambo yangekuwa mepesi, mkutano ungalifungwa hapo kwa azimio la kuomba matuta. Lakini mama mmoja mwuza vitunguu aliomba nafasi, naye alisema kweli ambayo haikuwapendeza wote. Alieleza kwamba pendekezo la kulihamisha soko lote mita 300 ndani ya kijiji ni la kuwafukarisha akina mama. "Dereva wa tela la magurudumu 22 hawezi kukata kona kufuata kitunguu," alisema. "Gari lisiposimama, madaftari ya watoto hayanunuliwi. Tena nawaambieni mapema: mkiweka tuta, sisi tutahamia kwenye tuta, kwa kuwa hapo ndipo magari yatakapopunguza mwendo. Nasi tutakuja na watoto wetu wamebeba sinia."

Watu walicheka, lakini sisi hatukuona la kuchekesha. Mama huyu alikuwa amelieleza tatizo kuliko wengi waliosomea kazi hiyo. Tuta lililowekwa ili kuokoa maisha laweza kuwa soko jipya katikati ya njia, watu wakakimbilia madirisha ya malori na mabasi yakiwa bado katika mwendo. Tatizo la barabara haliondoki kwa kitu kimoja kilichowekwa peke yake bila kufikiri watu watakitumiaje.

Baada yake walisimama vijana wa bodaboda, ambao walikuwa wamekwisha kulaumiwa na wasemaji watatu. Kijana aliyewasemea hakukataa lawama zote. Alikubali kwamba wenziwe hubeba abiria 2 na hata 3 kwa mtindo wa "mshikaki", na kwamba kofia ngumu huvaliwa askari anapoonekana na kuvuliwa akiisha kupita. "Lakini," alisema, "mama akishikwa na uchungu saa 8 za usiku, mnamwita nani? Na kijiwe chetu kiko ukingoni mwa lami kwa sababu basi linashusha abiria ukingoni mwa lami. Tupeni kituo cha basi kilicho kando, nasi tutakifuata."

Wa mwisho katika wasemaji wakuu hakuwa mkazi. Alikuwa dereva wa lori aliyesimama kula chakula, akausikia mjadala, akamwomba Mwenyekiti ruhusa ya kusema. Wengine walinung'unika, lakini Mwenyekiti alimruhusu, nasi twampongeza kwa hilo. Dereva alieleza kwamba gari lenye shehena nzito likiteremka Kitonga, mwenye kulitegemeza kwenye breki tangu kileleni mpaka bondeni huzichemsha hata zikapoteza nguvu. Ndiyo maana dereva mzoefu huteremka kwa gia nzito. "Lakini si wote wazoefu," alisema, "na si magari yote mazima. Anayefika hapa kwenu kutoka juu aweza kuwa na breki zilizochoka. Mkimwekea tuta la ghafla lisilo na kibao, litamwua yeye na litawaua ninyi. Mwonyeni mapema." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kidogo, "Tajiri hupiga simu kuuliza nimefika wapi. Hajapata kuuliza nimelala wapi."

Ofisa wa ujenzi aliyealikwa kutoka wilayani alijibu hoja za kisheria. Alisema barabara kuu si mali ya kijiji wala ya halmashauri. Tangu mwaka 2000 husimamiwa na Wakala wa Barabara, TANROADS, na zile za wilaya na vijiji husimamiwa na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kwa hiyo kijiji hakiwezi kujichimbia tuta, bali chaweza kudai kwa maandishi, kupitia kata na halmashauri. Akakumbusha pia kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kufikia mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya njia. Vibanda vyote vya vitunguu vimo ndani ya mita hizo.

Hapo kelele zilizuka. Kila anayeishi kando ya barabara kuu katika nchi hii anaijua alama ya X ukutani, nyekundu au kijani, na anajua kwamba rangi ile huamua kama mtu atalipwa fidia au hatalipwa. Mama mmoja akauliza swali ambalo mpaka mwisho wa mkutano halikupata jibu la kuridhisha: kama vibanda vyetu ni haramu, mbona ushuru wake hukusanywa kila siku ya soko, tena kwa stakabadhi?

Sasa twapenda kusema maoni yetu sisi.

Kwanza, twasema kwamba mama huyo alikuwa na haki. Kiongozi hawezi kupokea ushuru wa kibanda asubuhi na kukiita kibanda hicho haramu jioni. Sheria ya hifadhi ya barabara ni nzuri, maana imewekwa ili gari likiacha njia lisikute watu. Lakini sheria inayolala wakati wa kukusanya fedha, na kuamka wakati wa kubomoa tu, huwafundisha wananchi kuidharau. Anayetaka watu waondoke ukingoni mwa barabara hana budi kuwaonyesha kwanza mahali pa kwenda, nao wapaone kwa macho.

Pili, twapenda kusema wazi juu ya mwendo wa kasi, kwa kuwa wengi hulichukulia jambo hili kama suala la adabu tu, kumbe ni hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika sekunde 1. Linalokwenda kilomita 80 hupita mita 22. Chukulia dereva aliye macho, ambaye humchukua sekunde 1 kumwona mtoto na kukanyaga breki. Gari dogo zima, katika lami kavu, likiwa katika kilomita 50 litasimama baada ya mita kama 28. Likiwa katika kilomita 80 litahitaji mita zipatazo 57. Yaani mtoto aliye umbali wa mita 40 katika hali ya kwanza hufika shule, na katika hali ya pili hafiki. Lori lenye shehena huhitaji nafasi kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuweka kikomo cha kilomita 50 katika maeneo ya makazi, na 80 kwa magari mazito, ili kuwapa askari kazi ya kufanya. Iliweka kwa sababu mwili wa binadamu una kiasi chake cha kuvumilia.

Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani, na kwamba ajali hizi ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 mpaka 29. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Nchi zenye kipato cha chini na cha kati zina kama asilimia 60 ya magari ya dunia, lakini asilimia 92 ya vifo. Basi asije mtu akasema ajali ni gharama ya kuwa na magari mengi. Wenye magari mengi kuliko sisi wanazika wachache kuliko sisi.

Tatu, hatukubali usemi kwamba ajali ni kudra tu na binadamu hana la kufanya. Mwezi Mei 2017, huko Karatu, taifa lilipoteza katika ajali moja wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao. Nchi nzima ililia, na kulia ni haki. Lakini machozi yanapokauka lazima kazi ianze. Na kwamba kazi hiyo yawezekana si ndoto. Jijini Dar es Salaam, mradi wa shirika la Amend ulizipima njia zinazozunguka shule za msingi, kisha ukaweka vitu vya kawaida kabisa: matuta yenye alama, vivuko vya milia, njia ya miguu iliyotengwa kwa nguzo fupi, na pengine lango la shule likahamishiwa upande usio na magari. Utafiti uliofanywa ulionyesha kwamba majeruhi miongoni mwa watoto wa shule hizo walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji. Hapakujengwa daraja wala barabara ya juu. Kilichofanyika ni kumtazama mtoto atokapo nyumbani mpaka afikapo shule, na kuuliza ni wapi atakapouawa.

Nne, kwa vijana wa kijiji kile, na vijana wa vijiji vingine vyote, twasema kwa upendo. Mawe na magogo hayajengi usalama. Mmoja wao alisimama akasema, "Wasipotuwekea tuta, tutaliweka wenyewe usiku." Hasira yake twaielewa. Lakini tuta la udongo lisilo na alama, chini ya mlima kama Kitonga, ni mtego, na atakayenaswa wa kwanza huenda akawa mwendesha bodaboda arudiye nyumbani gizani. Nguvu iliyokokota magogo siku ile yatosha kuwasindikiza watoto kuvuka kila asubuhi mwaka mzima.

Twafurahi kuandika kwamba mkutano haukuishia katika maneno. Ulipitisha maazimio 4. Kwanza, barua iandikwe kuomba kivuko cha milia mbele ya shule, vibao vya mwendo, na kabla yake, upande wa mlimani, yale matuta madogo ya mfululizo ambayo madereva huyaita rasta, ili anayeteremka aonywe mapema. Pili, soko lisihamishwe mita 300, bali lisogezwe nyuma tu ya mpaka wa hifadhi ya barabara, liwe na maegesho yake ya malori, na uzio kati ya biashara na lami. Akina mama wenyewe wachague eneo. Tatu, wazazi wapangiane zamu za kuwavusha watoto asubuhi na mchana. Nne, kijiwe cha bodaboda kiondoke ukingoni, na mwenye kubeba mshikaki asimamishwe kazi na wenziwe kwa wiki 1 kabla hajafika mikononi mwa polisi.

Azimio la pili lilipita kwa kura chache. Wapo akina mama walioinua mikono kulikataa, na hatuwezi kuwaita maadui wa maendeleo. Wamekwisha kuahidiwa mengi. Soko jipya lisilo na njia nzuri ya kuingilia litakuwa jela ya vitunguu, na njia hiyo ya kuingilia itakuwa juu ya TARURA. Tukumbuke kwamba katika bajeti ya mwaka 2021/22 shilingi 100 ziliongezwa katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za namna hiyo. Kila bodaboda iliyojaza tangi katika kijiji kile imechangia. Kwa hiyo wanapoomba mita chache za barabara nzuri, wasihesabiwe kuwa wanaomba sadaka.

Wenye malori nao wana sehemu yao. Dereva aliyekuja kwetu na breki zilizochoka na macho yaliyochoka hakujituma mwenyewe. Saa za mapumziko zinazoibwa kwa dereva hulipwa na mtoto asiyemjua, katika kijiji ambacho tajiri hajapata kukiona.

Tulipoondoka jua lilikuwa limeinama. Wanakijiji walikuwa wakingoja ukingoni ili wavuke kwenda majumbani, na Mwenyekiti mwenyewe alisimama mbele, akiwa amewanyoshea wengine mkono wasitangulie. Malori 5 yakapita. Hapana hata moja lililopunguza mwendo.

Mkutano mkuu mwingine wa kijiji utakuwa baada ya miezi 3. Barua itakuwa imekwisha kufika inakokwenda, na katika siku hizo watoto watakuwa wamevuka barabara ile mara nyingi. Sisi twakusudia kurudi chini ya mbuyu ule siku hiyo, na swali letu litakuwa moja tu: barua imejibiwa? Twawaomba wanaohusika wasitufanye tuandike kwamba haijajibiwa.